Jalada ndilo mkataba: Kilichoandikwa na kilichofichwa kwenye albamu za roki ya kujitegemea

Na Mwandishi Wetu

FULANA nyeusi yenye mistari myeupe iliyopanda na kushuka kama safu za milima si ngeni machoni pa watu. Vijana wa vyuo huivaa, maduka ya nguo huiuza duniani kote, na si ajabu ikachomoka hata kwenye robota la mitumba. Wengi wanaoivaa hawajui kuwa mchoro ule ni jalada la albamu ya muziki. Hawana kosa, kwa sababu upande wa mbele wa jalada lenyewe haukuandikwa neno hata moja.

Albamu hiyo ni Unknown Pleasures ya kundi la Joy Division la Manchester, Uingereza, iliyotolewa Juni 1979 na lebo ndogo ya Factory Records. Mistari 80 inayoonekana ni mapigo ya mawimbi ya redio yanayotoka kwenye palsa, masalia ya nyota iliyokufa. Palsa hiyo ilikuwa ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1967, na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wanakundi walimpelekea msanifu Peter Saville mchoro huo kutoka kwenye kitabu cha elimu ya anga. Saville akaugeuza rangi, mistari ikawa myeupe juu ya weusi, na majina ya kundi na albamu akayapeleka nyuma kwa herufi ndogo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, ni mfanyabiashara gani atakayeweka bidhaa rafuni bila jina? Ukilifuatilia swali hilo, unafika kwenye jambo linalowagusa wanamuziki wa Afrika Mashariki leo hii: nani anamiliki wimbo, nani ameupiga, na mnunuzi anaambiwa nini.

Kampuni kubwa na lebo ndogo

Katika miaka ya 1970 biashara ya santuri Ulaya na Marekani ilishikwa na kampuni kubwa kama EMI na CBS. Kampuni ililipia studio, ikachapisha, ikasambaza, na mara nyingi ikabaki na umiliki wa rekodi. Jalada lilikuwa kazi ya idara ya mauzo, na kanuni yao ya kawaida ilikuwa rahisi: sura ya msanii iwe kubwa, jina liwe juu ili lisomeke hata santuri zikipangwa kwa kubanana, na nembo ya kampuni isikosekane.

Kuanzia mwaka 1977 vijana wengi waligundua kuwa wangeweza kukodi studio kwa siku moja, kupeleka kanda kiwandani, kuchapisha nakala 1,000 na kuziuza wenyewe kupitia maduka madogo na posta. Muziki wa lebo hizo ukaja kuitwa indi, kwa maana ya kujitegemea. Neno lilieleza kwanza nani analipa gharama na nani anabaki na rekodi. Mtindo wa gitaa ulikuja baadaye.

Kwa kuwa hakukuwa na idara ya mauzo, jalada liliamuliwa na wanamuziki wenyewe, rafiki yao mwenye kamera, au mwanafunzi wa sanaa wa jirani. Kutokana na uhuru huo na ufukara huo, zikazaliwa kanuni ambazo mpaka leo zinamwezesha mpenzi wa roki kuitambua albamu ya indi kabla hajaisikia.

Gharama kuwekwa hadharani

Kanuni ya kwanza ilikuwa uwazi. Januari 1977 kundi la Buzzcocks la Manchester lilitoa santuri ndogo ya nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa fedha za kukopa, takriban pauni 500. Picha ya jalada ilipigwa na meneja wao, Richard Boon, kwa kamera ya Polaroid, watu wanne wakiwa wamesimama katikati ya jiji. Nyuma yake kulikuwa na maelezo ambayo wanunuzi hawakuyazoea: kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi, na ni sauti ngapi ziliongezwa baadaye. Ni kama mwashi anayemwonyesha mwenye nyumba idadi ya matofali.

Mwaka uliofuata kundi la Scritti Politti la London lilikwenda mbali zaidi. Kwenye jalada la fotokopi la santuri yao ya kwanza, Skank Bloc Bologna, waliorodhesha gharama zote: studio, kuandaa kanda, kiwanda, uchapaji wa lebo, pamoja na mawasiliano ya waliofanya kazi hizo. Aliyenunua santuri hiyo alipata pia maelekezo ya kutengeneza ya kwake. Siri ya kampuni kubwa ikawa mali ya kila mwenye senti chache za fotokopi.

Washington, Marekani, Ian MacKaye na Jeff Nelson walianzisha lebo ya Dischord mwaka 1980 ili kutoa santuri ya kundi lao, Teen Idles, lililokuwa limeshavunjika. Walitumia akiba ya kundi, takriban dola 600. Hawakujua jinsi jalada linavyokunjwa, hivyo wakabandua jalada la santuri nyingine, wakalilaza mezani na kufuata mikunjo yake. Majalada yote 1,000 waliyakata na kuyagundisha kwa mkono pamoja na marafiki zao. Baadaye, kwenye albamu za kundi la Fugazi, lebo hiyo iliandika bei ya kuagiza kwa posta kwenye kifurushi chenyewe, ili mwenye duka asipate mwanya wa kupandisha bei bila mnunuzi kujua.

Kuificha sura

Kanuni ya pili ilikuwa kutoiuza sura ya msanii. Joy Division hawakuwa peke yao. Kundi la The Smiths, pia la Manchester, lilitoa albamu zake chini ya lebo ya Rough Trade kati ya 1984 na 1987. Majalada yao ya Uingereza yalijaa watu ambao hawakupiga hata noti moja. Mwimbaji Morrissey alichagua picha za zamani, nyingi za waigizaji wa filamu, zikachapwa kwa rangi moja au mbili na jina la kundi likawekwa kwa herufi za kawaida. Albamu ya kwanza ina picha ya Joe Dallesandro, na The Queen Is Dead ya mwaka 1986 ina picha ya Mfaransa Alain Delon.

Faida yake ilikuwa mbili. Uchapaji wa rangi mbili ni nafuu kuliko wa rangi nne, na santuri kumi zikipangwa pamoja zilionekana ni za ukoo mmoja hata jina likifichwa.

Hata hivyo, picha ya mtu si kokoto ya barabarani. Mwaka 1984 mwigizaji Terence Stamp alikataa picha yake kutoka filamu ya The Collector isitumike kwenye santuri ya What Difference Does It Make? Morrissey akalazimika kupigwa picha yeye mwenyewe kwa mkao uleule, mkononi akishika glasi ya maziwa mahali ambapo Stamp alishika kitambaa chenye dawa ya usingizi. Baadaye Stamp alikubali, picha yake ikarudi, na nakala zenye glasi ya maziwa zikawa zinasakwa na wakusanyaji.

Marekani nako, kundi la Sonic Youth la New York lilitumia mchoro wa mshumaa unaowaka, kazi ya mchoraji Mjerumani Gerhard Richter ya mwaka 1983, kwenye albamu ya Daydream Nation ya mwaka 1988. Hakuna gitaa wala mtu. Mnunuzi aliachiwa ajiulize mshumaa na kelele za magitaa vinahusiana vipi, na kwa njia hiyo akaanza kusikiliza hata kabla ya kufika nyumbani.

Nembo ya nyumba

Kanuni ya tatu ilitoka kwa wenye lebo. Lebo ndogo haina fedha za kutangaza kila kundi, lakini inaweza kuwafanya watu wauamini mkono wake, kama wateja wanavyomwamini fundi cherehani mmoja na kumpelekea kila kitambaa.

Lebo ya 4AD ya London, iliyoanzishwa mwaka 1980, ndiyo mfano mkubwa. Msanifu Vaughan Oliver, aliyefariki dunia Desemba 2019, alikuwa mwajiriwa wake wa kwanza wa kudumu. Kwanza alishirikiana na mpiga picha Nigel Grierson, kisha na wengine, akitengeneza majalada yenye picha za ukungu, vitu vilivyooza, nyavu na herufi za kale. Jalada la Doolittle ya kundi la Pixies, mwaka 1989, lina picha ya Simon Larbalestier ya nyani mwenye duara la nuru kichwani kama mtakatifu, pamoja na tarakimu 5, 6 na 7 zinazotajwa katika wimbo mmoja wa albamu hiyo. Wapo mashabiki walionunua santuri ya kundi wasilolijua kwa kuwa tu ilitoka 4AD.

Factory walitumia namba. Kila kitu walichokifanya kilipewa namba ya orodha, kuanzia bango la Saville lililopewa namba 1. Klabu yao ya usiku ya Haçienda, iliyofunguliwa mwaka 1982, ilipewa namba 51. Paka wa klabu alikuwa na yake, na hata kesi iliyofunguliwa na prodyuza wao Martin Hannett ilipewa namba. Mwanzilishi Tony Wilson alipofariki dunia mwaka 2007, jeneza lake lilipewa namba 501. Ulikuwa mzaha, lakini uliwafanya mashabiki wawe watunza kumbukumbu.

Msasa, gundi na mkono

Kanuni ya nne ilihusu malighafi. Mwaka 1980 Factory walitoa albamu ya kwanza ya The Durutti Column ikiwa ndani ya jalada la msasa, ule wa mafundi seremala. Wazo lilitoka kwenye kitabu cha wanaharakati wa Ufaransa cha mwaka 1959 kilichokuwa na jalada la msasa ili kiharibu vitabu vya jirani yake rafuni. Waliokaa kugundisha msasa huo ni pamoja na wanakundi wa Joy Division.

Huko Dayton, Ohio, kundi la Guided by Voices liliishiwa fedha mwaka 1992 wakati wa kutoa albamu ya Propeller. Walichapisha nakala 500, na kila moja ikapata jalada lake la kipekee lililochorwa, kubandikwa au kuandikwa kwa mkono na wanakundi na marafiki zao. Leo nakala moja inaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Kilichoanza kama dawa ya ufukara kimegeuka kuwa kipimo cha thamani, maana hakuna nakala mbili zinazofanana.

Urembo nao una bili yake

Ingekuwa makosa kusimulia habari hii kama ushindi mtupu. Machi 1983 kundi la New Order, lililoundwa na waliobaki wa Joy Division baada ya kifo cha mwimbaji wao, lilitoa Blue Monday. Saville alilitengeneza jalada lifanane na diski laini ya kompyuta ya enzi hizo, likiwa na matundu yaliyokatwa kwa mashine na mfuko wa ndani wa rangi ya fedha. Halina maneno. Pembeni kuna vibonge vya rangi ambavyo ni alfabeti ya siri, na ufunguo wake uko nyuma ya albamu ya Power, Corruption & Lies ya mwaka huohuo.

Santuri hiyo ikawa santuri ya inchi 12 iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Watu wa Factory wamesimulia kwa miaka mingi kwamba mwanzoni kila nakala iliyouzwa iliwatia hasara kwa sababu ya gharama ya jalada, ingawa kiasi hutofautiana kulingana na msimulizi. La hakika ni kwamba matoleo ya baadaye yaliondolewa matundu ili kupunguza gharama.

Kwa madeni ya klabu, jengo jipya la ofisi na albamu zilizochelewa, Factory ilifilisika Novemba 1992. Kampuni ya London Records ilipotaka kuinunua, ikakuta kwamba rekodi za New Order hazikuwa mali ya Factory. Makubaliano ya mwanzo yaliwaachia wanamuziki kazi zao. Lebo ikafa, kazi zikabaki mikononi mwa waliozifanya. Mtu anaweza kumcheka Wilson kwa hesabu zake, lakini wanamuziki wangapi walioimbia kampuni zenye hesabu nzuri wanaweza kusema hivyohivyo?

Jalada kama hati

Kuna albamu moja inayoonyesha vizuri kuwa jalada ni hati, na kwamba hati inaweza kudanganya. Juni 1989 lebo ya Sub Pop ya Seattle ilitoa Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana. Picha ya mbele iligeuzwa rangi kama negativu. Nyuma iliandikwa kwamba ilirekodiwa kwa dola 600, kwa desturi ileile ya uwazi. Bili kamili ya studio ilikuwa dola 606.17.

Aliyeilipa bili hiyo ni Jason Everman. Ametajwa kwenye jalada kama mpiga gitaa na picha ya mbele inamwonyesha, lakini hakupiga chochote katika albamu hiyo. Wenzake walimweka kama shukrani na kama ukaribisho kundini. Bila maelezo ya watu waliokuwepo, msomaji wa jalada angeamini kuwa mikono yake inasikika humo.

Ikiwa hati yenye jina la ziada inapotosha kiasi hicho, je, hati isiyo na majina kabisa? Hapo ndipo tulipo sasa. Muziki mwingi unasikilizwa kwenye simu, na jalada limesinyaa likawa kipicha cha ukubwa wa kucha. Orodha ya waliotunga, waliopiga na waliorekodi, inapokuwepo, imefichwa nyuma ya vitufe viwili vitatu ambavyo wasikilizaji wengi hawavigusi.

Inawezekana ndiyo sababu mojawapo ya santuri kurudi. Nchini Marekani mwaka 2022 idadi ya santuri zilizouzwa ilizidi ya CD, takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33. Wanunuzi wengi wana simu zenye nyimbo zilezile. Santuri inawapa pia kitu cha kushika na kusoma.

Somo kwa ukanda wetu

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka santuri ndogo za mizunguko 45 zilizotamba Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Nyingi ziliuzwa katika mfuko wa karatasi wenye nembo ya kampuni, tundu katikati, na habari zote zikawa kwenye karatasi ya duara ya santuri yenyewe: jina la bendi, la wimbo na la mtunzi. Bendi nzima yenye wapiga magitaa, tarumbeta na ngoma iliingia ndani ya jina moja. Leo watafiti na wajukuu wanahangaika kutafuta ni nani alipiga solo ile, na mara nyingi jibu limezikwa na wenyewe.

Roki ya kujitegemea imewahi kukutana na benga ana kwa ana. Mwaka 2004 Wamarekani Ian Eagleson na Alex Minoff walirekodi Nairobi pamoja na Otieno Jagwasi na wenzake. Kundi lao, Extra Golden, lilichukua jina kutoka pande zote mbili: Golden lilikuwa kundi la Wamarekani, na Extra Solar Africa lilikuwa la Wakenya. Jagwasi alifariki dunia mwaka 2005, kabla albamu ya Ok-Oyot System haijatolewa na lebo ya Thrill Jockey ya Chicago mwaka 2006. Wasikilizaji wa mbali waliokutana naye walikutana naye kama jina na sauti ndani ya albamu, na jina la kundi peke yake lilitosha kuonyesha kuwa Wakenya hawakuwa wasindikizaji.

Kampala nako, lebo ya kujitegemea ya Nyege Nyege Tapes ilitoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka Dar es Salaam. Singeli si roki, lakini njia ni ileile: lebo ndogo, kaseti na santuri zenye sura yake, na mkusanyiko unaobeba jina la studio ya uswahilini ulikotoka. Muziki wa mji mmoja wa Jumuiya ulifika dunia kupitia lebo ya mji mwingine wa Jumuiya.

Safari za namna hiyo zinaongezeka. Mdundo unatengenezwa Kigali, mwimbaji yuko Mwanza, gitaa linapigwa Bukavu, video inarekodiwa Mombasa. Wimbo ukishika chati, mirabaha itafuata majina yaliyoandikwa, na kila nchi ina chombo chake cha hakimiliki chenye fomu zake. Jina lisiloandikwa siku ya kutoa wimbo ni vigumu kuliingiza siku ya kugawana fedha.

Kwa hiyo mwanamuziki kijana hana haja ya msasa wala matundu ya mashine. Anaweza kuanza na yale yasiyo na gharama: kuandika majina ya wote walioshiriki, kazi ya kila mmoja, studio na tarehe, kuyajaza yote kwenye fomu ya msambazaji wa mtandaoni badala ya kuacha nafasi wazi, kupata ridhaa ya mwenye picha kabla ya kuiweka kwenye jalada, na kukubaliana mgawanyo kabla wimbo haujatoka, wakati bado wote ni marafiki.

Vijana wa Manchester na Washington walikuwa na mikasi, gundi na fotokopi, na bado walipata nafasi ya kuandika jaribio la ngapi, bei gani na kwa fedha za nani. Simu iliyo mkononi mwa prodyuza wa Kariakoo au Kawempe ina nafasi kubwa kuliko jalada lolote la santuri. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuyaandika majina.